Boney M na "Mary's Boy Child": mwaka 1978 hadi leo, kwa nini huu wimbo hauchuji?

Mzee wa Kanda (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Nimeleta huu uzi kwa sababu kuna dogo kijiweni kwetu anasema nyimbo za Krismasi zote ni zilezile, kengele kengele mwanzo mwisho, basi. Nikaona hili jambo lije huku kwa watu wazima.

Desemba ikiingia tu, pita Kariakoo, pita Manzese, panda basi la Moshi na wale wanaokwenda kuhesabiwa, ingia supamaketi yoyote, unaukuta. Mary's Boy Child wa Boney M, lile kundi la disko. Umetoka 1978, wengi humu tulikuwa hatujazaliwa, na kila mwaka unarudi na nguvu zake zilezile. Halafu wengi wetu maneno hata hatuyajui, mashairi tunayamumunya tu, ila kikifika kiitikio kila mtu yupo, mpaka konda.

Nadharia yangu ni hii: huu wimbo hauna theluji.

Sikilizeni vizuri. Nyimbo nyingi za Krismasi za kizungu zimejaa baridi, theluji, moto wa kuota ndani, babu mwenye ndevu na wanyama wake wa kuvuta kigari. Sisi huku Desemba jua linapasua kichwa, Dodoma unagombea kivuli. Sasa huu wimbo una nini? Wachungaji wako na mifugo usiku, kuna nyota, kuna mume na mkewe mjamzito wamefika mji wa watu hawana pa kulala, kila sehemu imejaa, wanaishia zizini na mtoto anazaliwa humo humo. Hiyo habari mtu wa Singida humwelezi mara mbili. Kufika mji wa watu jioni huna ndugu anakujua, zizi analijua, mama kujifungulia sehemu isiyo ya kujifungulia ndo kabisa.

Na sio bahati mbaya, maana wimbo wenyewe haukutoka kwenye baridi. Aliyeutunga anaitwa Jester Hairston, Mmarekani mweusi, mwalimu wa kwaya, kazaliwa 1901 na babu zake walikuwa watumwa. Ile melodi mwanzo haikuwa hata ya Krismasi, ilikuwa kalipso, ule muziki wa visiwa vya Karibi, aliyoitunga kwa ajili ya sherehe ya birthday! Baadaye akaombwa wimbo wa Krismasi kwa ajili ya kwaya, akaichukua kalipso yake akaivisha habari ya Bethlehemu. Mwimbaji Harry Belafonte akausikia, akaurekodi 1956, na 1957 ukashika namba moja Uingereza ukauza zaidi ya nakala milioni 1. Belafonte naye kazaliwa New York lakini sehemu ya utoto wake kakulia Jamaika, kwa hiyo hiyo Krismasi ya jua ilikuwa damuni.

Miaka 21 baadaye ndo Frank Farian, prodyuza wa Kijerumani, anawapa Boney M. Liz Mitchell na Marcia Barrett wa Jamaika, Maizie Williams wa Montserrat, Bobby Farrell wa Aruba. Visiwani watupu! Akauongezea kipande kipya kinaitwa Oh My Lord, akaweka biti la disko lakini la taratibu, la kutikisa bega sio la kurukaruka. Ukakaa namba moja Uingereza wiki 4, ukauza zaidi ya nakala milioni 1.8 huko peke yake.

Kwa hiyo nikiusikia naona watu wa nchi za joto wanasimulia habari iliyotokea nchi ya wafugaji, Mjerumani kakaa kwenye mitambo tu. Ndo maana umekaa kwetu. Karibuni mbishe.

Kipara wa Ukonga

Daaah mkuu. Mzee wangu alikuwa na redio kaseti, ile kanda ilikuwa inatoka kabatini mara moja tu kwa mwaka, siku ya kuku kuchinjwa. Ilishaliwa na mashine ikaungwa kwa selotepu, kwa hiyo kwetu wimbo ulikuwa unaruka katikati, nimekuja kuusikia mzima nikiwa mtu mzima nikaona wamenizidishia.

Binti Usambara

Mleta mada uzi mzuri ila hiyo ya theluji nakukatalia. Boney M haohao walitoa albamu nzima ya Krismasi mwaka 1981, na humo ndani kuna White Christmas, kuna Jingle Bells, theluji kibao! Na albamu ileile ndo inapigwa mwanzo mwisho kila Desemba huku kwetu. Kama watu hawataki theluji mbona hawarukishi hizo?

Halafu na mimi natokea Lushoto, Desemba kwetu kuna baridi ya kuvaa sweta asubuhi, msituweke wote kwenye kikapu kimoja na Dodoma.

Mzee wa Kanda

@Binti Usambara hahaha Lushoto mnajidai sana. Sikia, hizo zinapigwa kwa sababu zipo kwenye kanda, nani anyanyuke akazirushe wakati mikono ina mafuta ya pilau? Lakini angalia mtu anaongeza sauti ya redio wapi. Hakuna mtu nimemwona anaacha kukatakata vitunguu ili acheze Jingle Bells. Hapo ndo pa kupimia, sio kinachopigwa, kinachoongezewa sauti.

Mwanakwaya wa Ilala

Naomba niingie kitaalamu kidogo maana nimesimama kwenye sauti ya pili tangu darasa la tano.

Kuna sababu ya kimuziki ambayo hamjaigusa. Kiitikio chake kinakaa kwenye eneo dogo la sauti, hakipandi juu sana hakishuki chini sana, baba mwenye besi anaimba, mtoto anaimba, bibi anaimba. Jaribuni nyimbo nyingine za Krismasi za kisasa mtaona, kuna moja maarufu ya dada mmoja wa Marekani mimi siitaji, ukifika ule mwisho unahitaji mapafu ya kukodi. Huu hapana. Na sauti ya pili inakuja yenyewe, huhitaji mwalimu, unasikia tu inapotaka kukaa unakaa.

Pili, ni simulizi. Ubeti unasimulia, kiitikio kinajibu. Sisi tumelelewa hivyo, kiongozi anaanzisha watu wanaitikia, iwe kanisani iwe msibani iwe kwenye ngoma. Na mtunzi kumbe alikuwa mwalimu wa kwaya, ameandika kitu cha watu wengi kuimba pamoja, sio cha staa mmoja kujionesha.

Tatu, Liz Mitchell. Yule mama kabla ya Boney M aliimba na Les Humphries Singers, kundi kubwa lililokuwa Ujerumani na lilikuwa linapiga nyimbo zenye harufu ya gospo. Msikilizeni anavyoingia, hana mbwembwe, hakunji sauti, anaeleza tu. Angekuwa mwingine angejaza madoido mpaka Mariamu asionekane.

Jamo wa Umoja

Mkuu niaje, hapa ni Nairobi. Huku kwetu ni vilevile, tarehe 20 hivi watu wakianza kwenda ushago, yaani kijijini, matatu zote za Western na Nyeri ni Boney M, nauli imepanda mara mbili lakini muziki ni wa bure, unalipa huku unaimba, unashangaa hasira zimeenda wapi.

Lakini kuna kitu mmeruka na kinatuhusu sana. Huyu Belafonte hakuwa mgeni kwetu. 1959 yeye na Jackie Robinson wa baseball na mwigizaji Sidney Poitier waliweka majina yao kwenye barua ya kuchangisha pesa wanafunzi wa Kenya wapelekwe kusoma Marekani, ule mpango wa Tom Mboya, ndege ya kwanza ikabeba wanafunzi 81. Na 1965 akatoa albamu na Miriam Makeba, ikashinda tuzo ya Grammy, na ndani yake wameimba Malaika. Kwa Kiswahili.

Sasa shikeni viti. Boney M nao waliimba Malaika, 1981! Yaani waliouimba huu wimbo wa Krismasi wakavuma nao, wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walikuja kuchukua wimbo wetu. Hiyo si ndogo.

Kipara wa Ukonga

"Wimbo wetu" wa nani? Malaika ni wa Adam Salim, Mtanzania. Tusianze.

Jamo wa Umoja

Fadhili William ndiye aliyeurekodi bana. Na nimesema wetu, Afrika Mashariki, soma vizuri buda.

Kipara wa Ukonga

Kurekodi sio kutunga. Hata hapa tumeambiwa Hairston katunga, Belafonte karekodi, mbona hujasema ni wa Belafonte?

Mzee wa Kanda

Jamani jamani, Malaika ifunguliwe uzi wake, huu utaungua. Ila @Jamo wa Umoja umeniongezea kitu, ile Malaika ya Boney M nilikuwa nayo kwenye kanda na sikuwahi kuunganisha. Kiswahili chao kina lafudhi ya kuchekesha lakini wamejitahidi.

Fundi Mitambo

Nyie mnasifia tu, hamjui kwamba yule jamaa wa Boney M, Bobby Farrell, yule wa kucheza kama amepandisha mashetani, ALIKUWA HAIMBI? Kwenye studio ile sauti nzito ya kiume ni Farian mwenyewe, prodyuza. Bobby alikuwa anafungua mdomo tu. Na Maizie Williams pia hayupo kwenye zile rekodi, sauti za kike ni Liz Mitchell na Marcia Barrett. Huyo Farian ndo huyohuyo wa Milli Vanilli, wale vijana walionyang'anywa Grammy mwaka 1990 baada ya kugundulika hawakuimba. Kwa hiyo mnalia machozi ya Krismasi kwa kundi la kupangwa.

Mwanakwaya wa Ilala

Lakini Liz kaimba kweli. Marcia kaimba kweli. Huo wimbo mzigo wake uko kwa hao, ukimtoa Bobby kwenye Mary's Boy Child unapungukiwa nini? Kwenye Rasputin au Daddy Cool sawa, hapo Bobby ni nusu ya shoo, ila huu ukiwa redioni mchezaji hana kazi.

Binti Usambara

Na tuwe wakweli, nani kati yetu aliwahi kuwaona? Wazazi wetu walikuwa wanaangalia jalada la kanda tu, wale watu wamevaa manyoya meupe wanang'aa. Bobby tumekuja kumwona YouTube. Pumzika kwa amani, alifariki Desemba 2010 huko Saint Petersburg alikokwenda kupiga shoo, tarehe 30, siku chache tu baada ya Krismasi.

Fundi Mitambo

Sijasema wimbo mbaya. Nimesema mjue.

Sina Dini Yako

Mimi nitawavurugia. Huu wimbo sio mzuri kivile, ni mazoea tu. Enzi hizo nchi nzima muziki wa nje tuliokuwa tunaupata ni kiduchu, kanda zikadurufiwa na kudurufiwa tena, Boney M, ABBA, Jim Reeves, Dolly Parton, basi, ndo hao. Wazazi wakazipenda kwa sababu hakukuwa na nyingine, sisi tukazipenda kwa sababu ya wazazi, na wenye maduka wanapiga kwa sababu wanajua tukisikia tunalainika tunatoa hela. Ungepigwa wimbo wowote miaka zaidi ya 40 mfululizo ungeonekana mtakatifu. Hamna cha theluji wala zizi.

Mzee wa Kanda

@Sina Dini Yako hoja nzito na sehemu yake nakubali, kanda ndo zilizoubeba mpaka vijijini. Lakini swali: hao uliowataja wote walikuwemo kwenye kabati moja. Jim Reeves naye ana albamu ya Krismasi, ya 1963, na huku kwetu alipendwa kuliko hata kwao pengine. Anapigwa, ndiyo, wazee wanampenda, ila huwezi kumpiga Jim Reeves baa saa nne usiku watu wakabaki. ABBA nao wana Happy New Year, inakuja siku moja inaondoka. Mazoea walipewa wote, aliyebaki na mwezi mzima ni mmoja. Kwa nini?

Mimi naona ni kwa sababu huu unaingia pande zote. Maneno yake ni ya kanisani kabisa, hakuna mchungaji wala padri atakayekuambia zima, ni Luka sura ya pili imewekewa ngoma. Biti lake ni la ukumbini. Kwa hiyo mkesha ukiisha watu wanatoka kanisani wanaupata, wanafika nyumbani wanaupata, wale wengine wanapitiliza kwenye kitimoto na bia wanaupata, na hakuna anayeona aibu mbele ya mwenzake. Nitajie mwingine unaoweza hivyo.

Sina Dini Yako

Feliz Navidad.

Mzee wa Kanda

Feliz Navidad ni maneno mawili matatu yanazunguka. Mzuri lakini hauna habari ndani.

Sina Dini Yako

Na watu mmesema hamyajui maneno ya huo wenu. Habari gani sasa?

Mwanakwaya wa Ilala

Hapo umempata mleta mada kidogo 😂 lakini maneno unaweza usiyajue na bado ukajua ni habari ya nini. Bethlehemu, Mariamu, malaika, hata asiyejua Kiingereza hayo anayanyaka. Bibi yangu Kiingereza chake kiliishia good morning na alikuwa akifika "Mary" anainua mkono juu.

Mtoto wa Chumbageni

Assalam aleikum wadau. Mimi Muislamu wa Tanga na nauimba. Sio kwa maana ya ibada, mtaa wetu Wakristo na sisi tumechanganyika, Idi wao wanakuja kula kwetu, Krismasi sahani ya pilau na soda vinavuka uchochoro kuja kwetu, na muziki unavuka nao utake usitake. Mama alikuwa anauvumia akifua bila kujua unasema nini, na ni mtu wa madrasa haswa. Nadhani @Mzee wa Kanda umesahau upande huo kwenye pande zako zote.

Mama Watoto Frankfurt

Mimi naandika kutoka Ujerumani, nchi aliyotoka Farian. Mtashangaa, Desemba nzima redio za huku ni Wham na ile Last Christmas yao, mpaka unatamani kuitupa redio dirishani. Boney M unaipata lakini sio kama nyumbani. Nilimwambia mfanyakazi mwenzangu, mama wa Kijerumani wa makamo, kwamba Tanzania Krismasi bila Boney M haijafika, akacheka mpaka akakaa chini, kwake yeye hao ni watu wa disko za ujana wake, wa Ma Baker na suruali za kumetameta. Hakuwa anajua kama kuna watu wanawasikiliza na familia baada ya ibada.

Na kwa kuongezea kwenye hiyo 1978, wimbo ukiwa juu Uingereza wao walikuwa Moscow, enzi za Usovieti, wanapiga shoo. Nchi ambayo serikali yake haikuwa na habari na Krismasi kabisa. Januari ulipoondolewa namba moja, ulioondoa ni Y.M.C.A. ya Village People. Hiyo nayo mnaicheza kwenye harusi mpaka leo, msijifanye.

Kipara wa Ukonga

Y.M.C.A. tunaicheza kwa mikono kabisa 😂😂

Swali la msingi kwa wenye utaalamu. Kwa nini nikiutafuta mtandaoni unakuja tofauti tofauti? Kuna siku niliuweka kwenye spika nyumbani, mzee wangu akasikiliza kidogo akasema "hawa sio wenyewe". Kweli au umri?

Fundi Mitambo

Kweli kabisa, mpe heshima yake mzee. Baada ya kundi kuvunjika 1986 wale waimbaji kila mmoja akaja kuzunguka na Boney M yake, Liz na yake, Maizie na yake, Bobby na yake. Na nyimbo zikarekodiwa upya, zikachanganywa upya, biti limefanywa kavu, vinanda vya kompyuta. Usichukue ya kwanza inayokuja. Angalia iandikwe Mary's Boy Child / Oh My Lord, mwaka 1978, na ile ndefu inazidi dakika 5. Ikiwa fupi unapunjwa.

Mzee wa Kanda

Naongezea: ukiipata ile ndefu usiipige kwa spika ndogo ya simu, ile besi yote inapotea unabaki na kengele tu halafu dogo wa kijiweni anaonekana ana hoja.

Binti Usambara

Na isianze kabla ya Desemba jamani. Kuna duka la jirani hapa wameanza tangu katikati ya Novemba, nimekwenda kununua chumvi nimerudi na unga wa maandazi kilo mbili na biskuti, chumvi nimesahau.

Sina Dini Yako

Si nilisema? Wanajua mnalainika.